Zénobe Hageuzwi

Brussels, 4 Februari 1964

Shemeji Firmin,

Pole na kifua. Uliniapisha nikuandikie kila kitakachompata tarishi wako tangu aingie kwenye studio hii ya sinema za katuni, nisikufiche hata la aibu. Leo ninalo la aibu. Kaa vizuri kwenye mito yako kwanza.

Jana tulionyeshwa dakika ya kwanza iliyokamilika. Walikuja wote: wachoraji wanne, wasichana wangu kumi na wanne wa kunakili na kupaka rangi, mzee Fons wa kamera na mkate wake wa jibini, na Bwana Stroobants, mkuu wa studio, kwenye kiti cha mbele kama askofu. Zénobe akatoka na mkoba, anakwenda kulia, mkono wa koti usio na kitu umebanwa kwa pini kama ulivyomchora miaka mitano sasa. Akapeleka barua kwenye kinu cha unga. Kisha akageuka kurudi kwa mkewe Mieke, na hapo, shemeji, mkono wa kulia ukawa umeota. Wa kushoto ndio haupo.

"Jamaa anabadilisha mikono kama soksi!" Fons akasema. Wasichana wakacheka mpaka wakakamatana. Stroobants hakucheka.

Kosa ni la chumba changu. Hapa mtu akichorwa anakwenda kulia, hachorwi tena anarudi kushoto. Tunaichukua karatasi ile ile, tunaigeuza juu ya kioo chenye taa chini yake, tunanakili mistari kwa nyuma. Tumefanya hivyo kwa paka, kwa polisi, kwa ng'ombe, na hakuna aliyewahi kulalamika. Mimi mwenyewe ndiye niliyewaambia wasichana, "Mgeuzeni." Nimeishi na mwanamume wa mkono mmoja miaka tisa na sikufikiri.

Stroobants anasema hana wachoraji wa kumchora mara mbili. Vipindi hamsini na viwili vinatakiwa na televisheni ifikapo Septemba. Atakuandikia. Mkataba wako umekuachia haki moja tu, sahihi kwenye karatasi ya umbo, ile ya kuonyesha mhusika anavyochorwa, nayo anaihitaji. Usimjibu ukiwa na hasira.

Shemeji yako,
Wivina

*

Hospitali ya kifua, Ardennes, 7 Februari 1964

Shemeji Wivina,

Nimjibu nikiwa na nini basi? Hasira ndiyo kiungo pekee ambacho madaktari hawa hawajakipiga picha.

Barua ya askofu wako imefika na karatasi mbili. Ya kwanza: Zénobe ana mikono miwili, mizuri, minene, kama ya mwokaji mikate. Anageuzwa atakavyo, kushoto, kulia, kichwa chini wakipenda. Ya pili: Zénobe ana mkono wake mmoja, lakini chini wameandika kwa mashine, nanakili neno kwa neno: "Kwa umbo hili mhusika atakwenda upande wa kulia pekee. Matukio ya kurudi nyumbani, pamoja na mhusika Mieke, yataondolewa." Nichague moja kabla ya tarehe ishirini.

Umeona ustadi wa hao watu? Hawajakukata kichwa. Wanakuletea mashoka mawili kwenye sinia na kukuuliza unapendelea mpini upi.

Nimewasoma watetezi wa sinema wote, wale wanaotuambia kwamba picha inayotembea ni sanaa ya karne na sisi wa magazeti tunachora vifungashio vya peremende. Hakuna hata mmoja aliyeandika kwamba sanaa ya karne haiwezi kumrudisha kilema nyumbani kwake kwa sababu karatasi yake ina pande mbili. Mimi kwenye ukurasa namgeuza Zénobe kila wiki! Namchora upya. Inaitwa kazi.

Na wewe unajua yeye ni nani. Stroobants anadhani ni mzaha nilioubuni mkahawani. Ni kaka yangu Odilon, mume wako, aliyeacha mkono mgodini Châtelet mwaka arobaini na tisa, akapanda juu, akabeba barua za watu miaka tisa akiwachekesha njia nzima. Aliteleza ukingoni mwa mto Sambre akitoka kazini, tukamzika. Mwaka uliofuata nikaanza kumchora ili arudi. Kila Alhamisi gazeti linatoka, na kwenye picha ya mwisho, chini kabisa, anaingia mlangoni, Mieke anamimina supu.

Ningekuja Brussels na kukaa juu ya meza yake mpaka aelewe. Lakini kila ninapovaa viatu, Sista Godelieve anauliza, "Tunakwenda wapi, Bwana Delvigne?" na kuvichukua. Nalala barazani nimefungwa blanketi nne kama kifurushi kisicho na anwani, nachora kurasa zangu mbili za wiki juu ya ubao. Nikichelewesha ukurasa, mkataba unamruhusu mchapishaji kumpa mtu mwingine kalamu. Siwezi kutoka na siwezi kuacha.

Wewe uko ndani ya jengo. Piga kelele kwa niaba yangu. Nataka kusikia umewaambia nini.

Firmin

*

Brussels, 11 Februari 1964

Shemeji,

Sijawaambia kitu.

Nimefikiri kwa siku mbili na naona utie sahihi karatasi ya kwanza, ya mikono miwili. Watoto hawatajali. Wengi wanaotazama televisheni hawasomi gazeti lako. Ukichagua ya pili, nusu ya kazi ya chumba changu inaondoka pamoja na nyumba ya Mieke, na nina wasichana hapa ambao wameanza juzi tu. Halafu hadithi ya tarishi asiyerudi haina mwisho, wewe mwenyewe umenifundisha kwamba hadithi isiyo na mwisho ni dharau kwa msomaji.

Mkono ni mkono tu, Firmin. Mpe, arudi nyumbani.

Leo wakati wa kahawa Stroobants alikuja chumbani akaniuliza, "Mama Delvigne, shemeji yako ni mkaidi kiasi gani?" Nikamwambia, "Alipokuwa na miaka saba alikaa chini ya meza siku nzima kwa sababu baba yake alisema nyangumi ni samaki." Akasema, "Basi nisaidie." Nimemwambia nitakuandikia. Ndiyo naandika.

Kula. Sista ameniambia kwa simu kwamba unarudisha sahani.

Wivina

*

Ardennes, 14 Februari 1964

Wivina,

Sikuiti shemeji leo. Nimeisoma barua yako mara tatu nikimtafuta aliyeiandika. Hoja ya wasichana ni ya Stroobants. Hoja ya watoto ni ya Stroobants. Ile ya mwisho wa hadithi ni yangu, umeiiba ukaigeuza juu ya kioo chenu.

"Mkono ni mkono tu"! Mwanamke aliyembana pini Odilon kila asubuhi ananiandikia mimi maneno haya. Unajua walifanya nini wale mabwana wa mgodi baada ya ajali? Walituma maua na picha ya kikosi ya zamani, Odilon akiwa na mikono yote, imetiwa fremu. Walitaka akumbukwe mzima ili wasikumbukwe wao. Na sasa studio inakamilisha kazi ya mgodi, na wewe unawapa gundi.

Kama mtu huyu hawezi kurudi nyumbani bila kudanganya kilichompata, basi asirudi. Aende kulia mpaka dunia iishe, lakini aende na koti lake lilivyo. Hiyo ndiyo heshima iliyobaki, na naichukua yote.

Nimetia sahihi karatasi ya pili. Imeondoka asubuhi hii kwa posta ya rejista, Sista Godelieve ameipeleka mwenyewe.

Firmin Delvigne

*

Brussels, 14 Februari 1964

Shemeji Firmin,

Naandika tena kabla hujanijibu, kwa sababu barua yangu ya Jumanne ilikuwa ya uongo na wewe una pua ya kuunusa. Usitie sahihi chochote mpaka umalize kusoma hii.

Odilon hakuteleza.

Siku ile alipeleka barua zote. Nilikuja kuuliza baadaye, nyumba kwa nyumba, hakuna hata moja iliyokosekana. Mkoba ulikuwa umetundikwa kwenye chuma cha daraja, umefungwa vizuri kwa vifungo vyote viwili, na wewe unajua ilimchukua muda gani kufunga vifungo vile. Mimi ndiye niliyeuona kwanza. Niliuondoa kabla polisi hawajafika, nikamwambia kasisi aliteleza, nikamwambia mama yako aliteleza, nikakwambia wewe. Bila hivyo wasingemwingiza kanisani wala kumzika kando ya baba yenu. Nimelisema mara nyingi kiasi kwamba kuna wiki ninaliamini.

Wewe ulimwona Jumapili. Jumapili alikuwa na mizaha. Jumatatu mpaka Jumamosi alikaa jikoni akinitazama nikimkatia nyama, na hasemi. Mara moja alisema, "Wivina, umeolewa na nusu na unahudumia nzima." Nikamwambia, "Nyamaza ule." Hilo ndilo nililomwambia, Firmin. Nyamaza ule.

Asubuhi ya mwisho hakutaka nimbane pini. Akasema atafanya mwenyewe. Nilifurahi, nikadhani ni dalili njema.

Kisha ukaanza kumchora. Ulifanya koti lile lisilo na mkono kuwa kama medali, na watu wa mtaani walinipongeza. Sikukukatalia, kwa sababu ya ile picha ya chini kabisa. Nimenunua gazeti lako kila Alhamisi kwa miaka mitano, nalifungua mwishoni kwanza. Najua kwamba ni kalamu na wino. Lakini anaingia mlangoni.

Sasa unaelewa kwa nini niliandika ujinga ule. Nikae kwenye chumba changu mpaka Septemba nimpake rangi Odilon akiondoka, mara hamsini na mbili, na mimi nimefutwa ndani ya nyumba? Mpe mkono. Mpe hata mbawa. Mimi nataka arudi.

Wivina

*

Ardennes, 18 Februari 1964

Shemeji,

Barua zetu zimepishana njiani. Yangu umeshaisoma. Siombi uisahau, niliiandika mimi.

Nilipiga simu kwa Stroobants nikiwa na nguo za kulalia, Sista amenishika kiwiko. Nilimwambia sahihi ile niliiweka bila kujua. "Bila kujua nini, Bwana Delvigne?" Ningemwambia nini? Siri ile ni yako na ya Odilon. Nikasema, "Nimebadilisha mawazo." Akasema wachoraji wameshaanza, Mieke ameshaondolewa kwenye orodha, na sahihi ni sahihi. Alikuwa mpole kabisa. Nilimpenda zaidi alipokuwa adui.

Miaka mitano nimewapigia kelele watu wanaopenda uongo mzuri, na mwongo mkuu alikuwa analala ndani ya pijama zangu. Nilimwona Jumapili tu. Ndivyo ilivyo. Nilimchora Odilon wa Jumapili.

Kaka yangu hatafika, na aliyefunga mlango ni mimi, kwa posta ya rejista.

Niambie jambo moja la kikazi. Mtu akitembea kwenye sinema, anahitaji michoro mingapi?

Firmin

*

Brussels, 24 Februari 1964

Shemeji Firmin,

Kumi na miwili. Hatua mbili, mguu wa kushoto na wa kulia, kisha inarudi mwanzo na kuendelea bila kikomo.

Najua unachowaza. Nilimuuliza Stroobants kama mwenye Zénobe mwenyewe akichora matembezi ya kurudi, yatatumika. Akasema hapana: baada ya matembezi watataka mlango, baada ya mlango supu, baada ya supu vipindi hamsini na viwili vya supu. Hata kipande kimoja hakitaingia. Usichore kwa tumaini hilo.

Lakini Fons ana mabaki ya filamu kabatini na anakula chakula cha mchana kwa dakika kumi tu. Amesema, "Mlete huyo mlemavu, nitampiga picha kati ya mkate na tufaha."

Nakutumia karatasi zetu zenye matundu chini na kibao chenye vijiti vya kuzishikilia zisihame. Sheria ni tatu. Mistari yote iwe na unene mmoja. Usipambe. Na usichore kila mmoja kana kwamba ndio utakaotazamwa, hakuna atakayeutazama hata mmoja.

Wivina

*

Ardennes, 23 Machi 1964

Shemeji,

Michoro imo humu. Nimechukua mwezi mzima kuchora sekunde moja. Miaka ishirini nimekuwa bwana wa kazi hii, na nimegundua kwamba sijawahi kumchora mtu akitembea. Nimemchora akianza kutembea na akimaliza. Katikati niliwaachia wasomaji.

Sheria zako nimezivunja zote tatu. Mkono unanitetemeka baada ya saa tisa, kwa hiyo mistari minene ni ya asubuhi na myembamba ni ya jioni. Katika mchoro wa nne kofia imekuwa kubwa. Katika wa tisa nilipamba, nilishindwa kujizuia. Nilipofumba macho nimkumbuke Odilon akitoka kazini Jumanne, mvua inanyesha, hajui kama kuna anayemtazama, niliweza mara chache tu. Alikuwa anazama begani upande wa mkoba, na shingo inavutwa upande wa pili, kama mtu anayepita chini ya kamba ya nguo.

Mwezi huu nimechelewesha ukurasa mmoja. Mchapishaji ameshampa mtu mwingine auchore, kijana wa Namur. Nimeuona gazetini. Si mbaya. Pini ameiweka upande usio wake.

Daktari anasema nitabaki hapa hadi vuli angalau. Sista amevifungia viatu kabatini kabisa, kwa ufunguo.

Firmin

*

Brussels, 2 Aprili 1964

Shemeji Firmin,

Nilinakili mwenyewe, sikumpa msichana yeyote. Koti nililipaka kijivu kile cha posta, nimelichanganya mara sita mpaka likakubali.

Wiki iliyopita tulimtazama, mimi na Fons, kwenye chumba kidogo. Filamu hiyo ya kwanza haikuwa na kitu nyuma, weupe mtupu. Zénobe anaelekea kushoto. Mistari yake inachemka, kofia inavimba na kunywea, na kila hatua ya pili anazama kana kwamba ubao umevunjika chini yake. Fons alisema, "Mama, huyu anatetemeka kama amekunywa. Shemeji yako hajui kuchora mwendo." Akanitazama, akaiweka filamu tena bila kuambiwa.

Mchoraji wetu yeyote angempa mwendo laini. Huu ni wake, Firmin. Ndivyo alivyokuja barabarani nikiwa nimesimama dirishani na taulo la vyombo. Sikuwahi kumwambia mtu alitembea vile, na wewe umeandika umeweza mara chache tu.

Lakini alikuwa anatembea papo hapo. Dakika nzima anatembea na hasogei. Nikamuuliza Fons kwa nini hafiki. Akacheka, si kwa ubaya. "Ninyi wapaka rangi mmekaa hapa miaka mingapi? Mtu hasogei kamwe, mama. Ni nyumba inayovutwa kuja kwake."

Basi nilichukua karatasi ndefu, nikachora barabara yetu ya Châtelet: ukuta wa mwokaji, pampu ya maji, bustani ya mboga za liki ya kina Dufrasne, kisha dirisha letu na mlango. Fons akabonyeza kamera, mimi nikaivuta karatasi chini ya Zénobe, milimita mbili, picha, milimita mbili, picha. Vidole viliniuma. Tumekosa chakula siku tatu mfululizo, na Fons hajadai chochote, kanywa kahawa yake kwa hasira tu.

Leo saa saba mchana tukaitazama. Ukuta wa mwokaji ukamjia, ukapita. Pampu ikaja. Liki zikaja. Dirisha likaja, na mimi nilikuwa nimelipaka njano kwa ndani. Mlango ukaja ukafika miguuni pake kabisa.

Akaupita.

Hakuna mchoro wa kusimama, shemeji. Kumi na miwili yote ni ya kutembea, na mimi niliendelea kuvuta kwa sababu sikujua la kufanya. Akaupita mlango, akaupita ukuta wa jirani, karatasi yangu ikaisha, akabaki kwenye weupe anatembea.

Fons aliwasha taa. Stroobants alikuwa amesimama nyuma, sijui tangu lini. Alisema tu, "Haiingii kwenye kipindi, Mama Delvigne, unalijua hilo," akaondoka, akaufunga mlango taratibu. Nilijua. Kesho naendelea na kipindi cha tatu, anakwenda kulia.

Najua mkono unatetemeka. Najua ukurasa wa wiki unasubiri na kijana wa Namur anasubiri. Nichoree mmoja zaidi, wa kumi na tatu. Usimpambe, usimpe supu, usinichore mimi. Amesimama tu. Nyumba nitaisimamisha mwenyewe.

Wivina